Risala ya Wanafunzi wa Uvuvi kutoka Afrika Mashariki kwa Mgeni Rasmi, Reykjavik

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kujumuika nasi katika hafla hii ya kufunga mafunzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ya darasani yamo kwenye ripoti zetu. Leo tunaomba tuseme juu ya ziara ya kaskazini mwa Iceland, tulikoona masalia ya uvuvi wa heringi. Samaki huyu ana undugu na dagaa wa Kigoma, hivyo wengine hatukujiona wageni sana.

Katika mji wa Siglufjörður, Wanorwe walianza kusindika heringi kwa chumvi mwaka 1903. Jengo lao la mwaka 1907 sasa ni makumbusho, na ghorofani vipo vyumba vya mabinti waliokuja kila kiangazi kutumbua samaki na kuwapanga kwenye mapipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi. Pipa likijaa, binti alipewa kidude cha bati, akakitumbukiza ndani ya buti lake. Malipo yakafuata hesabu ya vidude. Mama zetu wanaolipwa kwa ndoo mwaloni wangeuelewa utaratibu huo bila mkalimani.

Kijiji cha Djúpavík ni habari nyingine. Kiwanda cha mafuta na unga wa samaki, zege tupu, kilianza kazi mwaka 1935 na kufungwa mwaka 1954, samaki walipoihama pwani ile. Ufukweni imelala Suðurland, meli iliyokuwa bweni la vibarua, imeliwa na kutu hadi mbavu ziko nje.

Kwingineko kazi iliendelea. Zikaja sona, yaani mitambo ya kutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti, na winchi za kuvuta nyavu kubwa, wakavuliwa hadi wachanga, na bahari nayo ikapoa. Kufikia mwaka 1968 heringi walikuwa wameadimika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Wenzetu wa mwakani walale Djúpavík angalau usiku mmoja. Sisi tulipitishwa mbio mbio, na hilo tunalisema kwa heshima. Pili, karabai za kuvulia dagaa zinaishia kwenye vyuma chakavu tangu zije taa za sola. Ili historia ya uvuvi wetu nayo isipotee, tunaomba kamera na vinasa sauti, tukirudi tuanze kurekodi kumbukumbu za wazee wa mialoni wangali hai.

Tunaomba kuwasilisha.