Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: vidonge vya mafuta na hofu ya tezi dume

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Newala. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linazungumzwa hadharani: kwenye mabaraza ya bao, kwenye ghala la AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume wa huku wanabishana kuhusu dawa za kupunguza kolesteroli, wenyewe wanaziita vidonge vya mafuta, na saratani ya tezi dume. Wapo wanaoapa kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyoleta saratani. Wapo wanaosema ndiyo kinga yake. Kauli zote mbili zinawaumiza watu, na wanaume hawa bado hawajapata mtaalamu wa kukaa nao chini akawaeleza.

Nianze na wenye hofu. Mjomba wangu, ambaye kwa sisi Wamakonde ndiye mwenye kauli katika ukoo, alipata kiharusi chepesi. Mdomo ulienda upande, mkono wa kulia ukalegea, kisha Mungu akajalia akapata nafuu. Akaandikiwa dawa ya presha, aspirini na atovastatini, ambayo ni mojawapo ya hivyo vidonge vya mafuta. Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa namtafutia stakabadhi ya ghala kwenye mkoba anaohifadhia karatasi zake, nikakuta vidonge vya atovastatini katikati ya risiti za salfa, karatasi tatu nzima, hata kimoja hakijatobolewa. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mjomba, hizo zinaharibu tezi dume. Kiharusi nimeshakijua, saratani siitaki." Kituoni alikochukulia dawa aliambiwa ameze kimoja usiku, basi. Dawa ni ya nini, itamsaidiaje, aimeze mpaka lini, hakuelezwa. Pengo hilo likazibwa na maneno ya barazani.

Daktari, wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini nayaandika ili na wenzangu wayasome. Kolesteroli nyingi tuliyo nayo hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Statini, ndilo jina la kitaalamu la kundi hili la vidonge vya mafuta, huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia katika kazi hiyo, na ini likipungukiwa huanza kuivuta kolesteroli iliyomo kwenye damu. Mwanzo wa dawa hizi ni ukungu: mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alizipata akichunguza ukungu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1987 Marekani ikaruhusu ya kwanza kuuzwa. Tangu hapo zimepimwa kuliko dawa nyingine nyingi. Kolesteroli mbaya ikishuka kwa milimoli 1 kwa lita, mashambulizi ya moyo na viharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Kwa mtu kama mjomba, aliyekwisha kupigwa mara moja, hilo si jambo la kuacha mkobani.

Je, zinaleta saratani? Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio 27 yenye watu wapatao 175,000, ambamo waliopewa statini, au dozi yake kubwa zaidi, walilinganishwa na wasiopewa au waliopewa dozi ndogo. Saratani haikuongezeka wala haikupungua. Majaribio yale yalidumu wastani wa miaka mitano hivi, na saratani ya tezi dume huweza kuchukua muda mrefu kuliko huo kujitokeza, kwa hiyo si neno la mwisho kwa kila swali. Lakini madai ya kwamba vidonge hivi vinaozesha tezi dume hayana msingi huo wanaoudhani. Madhara yake halisi yapo na yanajulikana: maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu, ini kusumbuka kwa wachache, kugongana na baadhi ya dawa nyingine. Hayo ndiyo mgonjwa anapaswa kuambiwa ayaangalie.

Sasa wale wanaosema ni kinga. Hawa ndio wananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kauli yao ina chembe ya ukweli. Kolesteroli ndiyo malighafi ya homoni za kiume, na tangu mwaka 1941 daktari mtafiti Charles Huggins alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hutegemea homoni hizo. Ndiyo maana watafiti walijiuliza kama kupunguza kolesteroli kungeinyima saratani chakula. Mwaka 2006 mtafiti Elizabeth Platz na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia karibu wanaume 35,000 wa Marekani. Waliotumia dawa hizi hawakupishana na wengine katika kupata saratani ya tezi dume kwa jumla, ila ile iliyokwisha kusambaa au kukomaa ilionekana kwao kwa karibu nusu tu ya kiwango cha wasiozitumia.

Nusu ni nyingi, na habari ya namna hiyo haikawii kufika kijijini. Ila utafiti ule ulikuwa wa kufuatilia watu. Hawakugawiwa dawa kwa bahati nasibu. Mtu anayemeza statini ni mtu anayehudhuria kliniki. Anapimwa, anaonwa, ugonjwa wake unaweza kukamatwa mapema. Kuna na jingine: statini hushusha kidogo kiwango cha PSA kwenye damu, kile kipimo kinachotumika kutafuta dalili za tatizo la tezi dume, na hilo linaweza kubadili nani anachunguzwa zaidi na nani anapita. Kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba dawa ndiyo iliyokinga. Mpaka leo statini haitolewi kuwa kinga ya saratani, na sioni sababu ya mwanaume wa Newala kuimeza kwa ajili hiyo.

Lakini wanaimeza, Daktari. Msimu wa korosho ukichanganya na malipo ya mnada yakitoka, mzee anaingia dukani anaomba vidonge vya mafuta "vya kulinda tezi", na anauziwa bila cheti. Namfahamu mmoja anayeamka usiku mara nne au tano kukojoa, mkojo unakatikakatika, naye anajiona yuko salama kwa sababu ana vidonge. Pengine ni kutanuka kwa tezi tu, jambo la kawaida kwa umri wake na lenye tiba. Pengine siyo. Hatajua mpaka apimwe. Na hata asiyeamka usiku hawezi kujipa uhakika, kwani saratani hii mwanzoni mara nyingi haina dalili. Wengi hushtuka maumivu yanapofika mgongoni na nyongani. Kisha ni safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na shamba linabaki kwa nani?

Halafu fedha za msimu zikiisha, vidonge vinaisha navyo. Yule aliyevihitaji kweli kwa ajili ya moyo naye anavikatiza, kwa kuwa kwake dawa imekuwa kitu cha kununua ukiwa nazo.

Ombi langu kubwa ni moja. Kliniki za presha na kisukari ndipo wanaume wa umri wa miaka 50 na kuendelea wanapopatikana kwa hiari yao, jambo ambalo ni nadra. Naomba kila mwanaume anayeandikiwa statini aelezwe palepale, kabla hajafika dirisha la dawa: hii ni ya moyo na kiharusi, haileti saratani ya tezi dume, haikingi saratani ya tezi dume, usiiache bila kutuambia. Kisha aulizwe kuhusu mkojo wake, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua tezi. Aelezwe kwamba PSA ni kipimo cha damu, maana wengi hawaji kwa kuogopa kupimwa kwa kidole njia ya haja kubwa. Aelezwe pia bila kufichwa kwamba PSA ikipanda si lazima iwe saratani, ili asikimbie na jibu. Na matokeo yake yaandikwe pamoja na dawa anazotumia, ili anayeyasoma kesho ajue statini ilikuwepo.

Dakika tano zinatosha. Muuguzi anaweza kuzifanya, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakifundishwa maneno hayohayo watayafikisha Kitangari na vijiji vyote vya bondeni kwenye Ruvuma. Wenye maduka ya dawa nao wakumbushwe kwa ukali unaostahili kwamba statini ni dawa ya cheti. Na hospitali za wilaya zisikose vitendanishi vya PSA, kwani hakuna aibu kama kumshawishi mzee aje, akija umwambie arudi mwezi ujao.

Mjomba amerudia dawa zake. Ilichukua jioni nzima ya kuzungumza naye, na aliniuliza maswali ambayo mtaalamu angeyajibu vizuri zaidi yangu. Wazee wenzake wanayo maswali hayohayo. Minada hufunguliwa Oktoba, na wakati huo wote wanakuwa ghalani, wamekaa kwenye magunia wakisubiri bei. Naomba watu wako wawakute pale, kabla malipo hayajatoka.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Newala