Barua kwa mwanangu: karatasi za Fustat

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama ule mzigo wa dagaa umefika.

Barua yako nimeisoma. Unasema kozi ya utunzaji wa kumbukumbu imekuchosha, kwamba mnashinda masijala mkipanga risiti na madaftari ya watu waliokwisha kufa, na huoni yatamfaa nani. Nataka nikusimulie habari ya Wayahudi wa Misri. Nimewasomesha wanafunzi wangu habari hii kwa miaka mingi, ingawa haikuwamo kwenye muhtasari.

Fustat ni mji mkongwe ambao leo umemezwa na Kairo. Pale pana sinagogi la Ben Ezra. Wewe unajua kwetu hakuna anayethubutu kutupa jalalani ukurasa wa msahafu uliochakaa. Wayahudi nao andiko lenye jina la Mungu hawalitupi, huliweka kando mpaka lizikwe. Watu wa Fustat walikwenda mbali zaidi: karibu kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, hata hesabu za duka, walikipenyeza kwenye tundu lililo juu ukutani kikaangukia chumbani. Wakaendelea hivyo tangu karne ya 11 hadi ya 19, na nyingi za karatasi hizo hazikufika makaburini. Hewa ya Misri ni kavu, hazikuoza.

Mwaka 1896 mapacha wawili wa Scotland, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na kurasa kuukuu walizonunua safarini. Wakamwonyesha Solomon Schechter, mwanachuoni wa Kiyahudi mzaliwa wa Romania. Ukurasa mmoja akautambua: ni Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, kitabu ambacho kwa karne nyingi wasomi walikijua kwa tafsiri tu. Desemba ya mwaka huohuo akaenda Kairo, akaingia kile chumba, akala vumbi, akarudi na shehena. Cambridge leo wana vipande zaidi ya 190,000, na vingine vingi vimetawanyika duniani.

Schechter alikuwa akitafuta vitabu. Mimi ninayempenda zaidi ni mwanahistoria S. D. Goitein, aliyekuja baadaye akaketi na yale ambayo wengi waliyapita: barua za biashara, mikataba ya ndoa, orodha za maskini waliogawiwa mkate. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya jamii ile ilitoka mwaka 1967; ya tano aliimaliza muda mfupi kabla ya kufa, 1985. Lugha ya barua nyingi ni Kiarabu, ila herufi ni za Kiebrania. Wewe uliyeziona barua za babu yako, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, hilo halitakupa shida.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Musa bin Maimon unamjua kwa jina. Alizaliwa Cordoba, familia yao ikahama kwa kukimbia utawala wa Almohadi, nasaba iliyowabana Wayahudi, mwishowe wakatua Fustat. Ndiye aliyeipanga sheria yote ya Kiyahudi katika vitabu 14, akawa tabibu wa jumba la Salahuddin. Mle chumbani zimepatikana hata kurasa za rasimu za kazi yake hiyo, kwa mwandiko wake mwenyewe, amekata maneno na kuandika upya. Lakini kabla ya utabibu, nani alikuwa akimlisha? Mdogo wake, Daudi. Daudi alifanya biashara ya vito ili kaka asome.

Barua ya Daudi kwa kaka yake ipo. Aliiandika Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, karibu mwaka 1170. Anaeleza alivyovuka jangwa bila msafara, na alivyofika akakuta hakuna bidhaa ya maana ila nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo. Basi ameamua kwenda India. Anamsihi kaka yake amtulize mkewe, asiogope, kwani aliyemwokoa jangwani atamwokoa na baharini.

Daudi alizama katika bahari hii yetu ya Hindi, pamoja na mali yake, ya kaka yake na ya watu wengine. Akaacha mjane na binti mdogo. Miaka ipatayo minane baadaye Musa alimwandikia mtu wa Akka, mji wa pwani ya Palestina, kwamba siku aliyopata habari aliugua akalala kitandani karibu mwaka mzima, na kwamba kila auonapo mwandiko wa Daudi, au barua yake, moyo hupinduka na huzuni huamka upya. Rehema, mwandiko huo ungalipo. Mtu aliushika kati ya maelfu ya makaratasi machafu, akausoma, akaupa namba.

Yumo pia Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa asili ya Tunisia aliyeishi Malabar, pwani ya India ulipo mji wa Mangalore, miaka 17 hivi, kuanzia mwaka 1132. Huko karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo rafiki zake wa Aden walimtumia karatasi kama zawadi, pamoja na sukari na zabibu. Barua akishaisoma, huandika hesabu zake kwenye nafasi iliyobaki, kwa kubana. Ukurasa mmoja una sauti ya mtu wa Aden na mahesabu ya mtu wa Mangalore. Mimi kwa hilo siwezi kuziita karatasi hizi taka.

Ninachokuomba ni kimoja. Maktaba ya Cambridge imeweka picha za vipande vingi kwenye intaneti, bure. Jumamosi moja kaa nazo. Usianze na vitabu vya sheria, anza na barua, kisha tafuta zile kurasa za watoto wa chuo, zenye alfabeti iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Angalia pia kila kipande kilivyopewa namba na maelezo, maana hiyo ndiyo kazi unayoisomea. Ukimaliza niandikie umeona nini, na ulichoshindwa kusoma niandikie pia.

Baba yako