Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Desemba 2025

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za leo.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Mwaka huu tumezika wenzetu wawili, Mungu awarehemu, na familia zao zilipata rambirambi kama katiba yetu inavyosema. Harusi nne zilichangiwa, wagonjwa walitembelewa, futari ya Ramadhani ilifanyika. Sherehe ya kufunga mwaka tumeiahirisha hadi uchaguzi mkuu wa Uganda wa Januari 2026 upite, kwa usalama wa watu wetu. Mhazini atasoma hesabu zote. Mimi nataja jumla tu: ada zilizoingia ni shilingi 25,150,000, matumizi ya misiba, harusi na wagonjwa ni 7,900,000, na mfuko wa nyumba, yaani akiba yetu ya kununua ardhi na kujenga, una milioni 60, mbali na faida nitakayoieleza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa kwenye simu na vibarazani tangu Mei: kwa nini kamati haikununua kiwanja Wakiso, nje ya Kampala, ikapeleka milioni 60 kwenye hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali nayo itulipe riba. Wapo waliosema mwenyekiti ameipa serikali pesa zetu sisi wapangaji. Maneno hayo yaliniumiza, na leo nayajibu mbele yenu wote.

Kiwanja kile nilikwenda kukikagua mimi mwenyewe, pamoja na katibu na Mzee wetu mmoja wa kamati. Dalali alituonyesha sehemu ya juu, kavu, yenye migomba. Tulipomwomba atufikishe kwenye mpaka wa chini, alianza kuangalia saa. Tukashuka wenyewe. Hatua chache tu, mafunjo yakaanza, na katibu alipochomeka fimbo ardhini ilizama hadi nusu na kutoka na tope jeusi. Theluthi nzima ya eneo lile ni bonde la maji. Wote mnakumbuka Juni 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilivyobomoa nyumba za watu katika bonde la Lubigi. Wale nao walikuwa na makaratasi na walikuwa wamelipa.

Na karatasi zenyewe tulizosoma? Makubaliano yalikuwa na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, sahihi za mashahidi, kila kitu kinang'aa. Lakini ile ni kibanja, yaani haki ya kukaa tu, juu ya ardhi ya mailo ambayo hatimiliki yake ni ya mtu mwingine, na mahali pa idhini ya mwenye mailo palikuwa patupu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenye kibanja apate idhini ya mwenye ardhi kabla ya kuuza. Muhuri wa LC hauzibi pengo hilo. Dalali alisema idhini "itafuata". Nilimwambia pesa nazo zitafuata. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia, na sijutii.

Waliotaka tuweke pesa benki tu, nawajibu hivi. Benki Kuu imeacha riba yake ya msingi, inayoongoza riba za mabenki, kwenye asilimia 9.75 tangu Oktoba 2024, na mfumuko wa bei mwaka huu umebaki chini ya asilimia 4. Najua sokoni hamuoni hivyo. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi nyuma, zinapunguza mwendo tu. Zile zilizopanda mwaka 2022, mfumuko ulipofika asilimia 10.7 mwezi Oktoba, ziko palepale. Lakini kwa mwenye akiba maana yake ni kwamba pesa ikizaa asilimia 15 inapata faida ya kweli. Serikali, yenye bajeti ya zaidi ya trilioni 72 na mpango wa kukopa humu nchini zaidi ya trilioni 11, inawalipa vizuri wanaoikopesha. Hao wamekuwa mabenki na mifuko mikubwa siku zote. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kuanza na shilingi 100,000 tu, na ni wachache walioambiwa. Mimi ndiye niliyelileta wazo hili kwenye kamati, na nitaendelea kulisimamia.

Tumenunua hatifungani ya miaka 2 yenye riba ya asilimia 15. Malipo ya nusu mwaka ya kwanza yameshaingia: 4,500,000, ikakatwa kodi ya asilimia 20, tukabaki na 3,600,000. Kuna aliyeuliza kwa nini hatukuchukua ya miaka 10 ambayo kodi yake ni asilimia 10. Mwingine, siku hiyohiyo, akataja Ghana, ambako mwishoni mwa 2022 serikali iliwalazimisha waliokuwa wameikopesha wapokee hatifungani mpya zenye masharti mabaya zaidi. Maswali hayo mawili yanajibiana. Kwa sababu ya mambo kama ya Ghana hatukutaka kufunga pesa za wajane na madereva kwa miaka 10 ili kuokoa kodi. Miaka 2 inatosha, na mwaka 2027 pesa yote inarudi tuamue upya.

Naomba pia niseme kuhusu pango la nyumba, maana malalamiko yamekuwa mengi. Wanachama kadhaa wamepandishiwa kutoka 300,000 hadi 400,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wanasema ni kodi ya URA, mamlaka ya mapato. Tupige hesabu. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Hata mwenye vyumba vingi, asilimia 12 ya pango jipya la 400,000 ni 48,000. Hizo 52,000 nyingine za nyongeza si za URA. Tena Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inasema nyongeza ya mwaka isizidi asilimia 10, yaani kwa chumba hicho ni 30,000. Sheria ipo, lakini mpangaji asiye na mkataba wa maandishi anaitumiaje? Andikianeni, jamani. Hata karatasi ya daftari yenye sahihi mbili ni bora kuliko ahadi ya mlangoni. Nilitoa ushauri huu kwenye mkutano wa Machi, na waliousikia walikuwa kumi na mmoja.

Kumi na mmoja, kati ya wanachama 64. Hapa sina budi kusema wazi. Mikutano imekuwa ya watu walewale: akina mama wa cherehani wa Kisenyi, wazee wawili, na kamati. Wanaopinga uamuzi wa hatifungani hawakufika siku ulipopitishwa, ingawa tangazo lilitumwa wiki mbili kabla na kurudiwa. Uamuzi ulipita kwa kura za waliokuwepo, na akidi ya katiba ilitimia. Mtu asiyefika hawezi kusema hakushirikishwa.

Na ada. Kila mwanachama ni 50,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulitarajia 38,400,000. Pungufu ni 13,250,000. Naelewa petroli, naelewa ada za shule, naelewa kwamba kukaribia uchaguzi wateja wameshika pesa zao na biashara ya vipuri imelala. Lakini wapo wenye maduka wanaodaiwa tangu Februari, huku mama anayeuza chapati analipa kila tarehe tano. Jambo hilo linanikera sana. Kamati inapendekeza kwamba anayedaiwa zaidi ya miezi mitatu asipige kura kuhusu mfuko wa nyumba hadi alipe. Mtalijadili baada ya hesabu.

Kuhusu mbele: inshallah hatifungani ikiiva tutatafuta ardhi yenye hatimiliki, hata kama ni ndogo na iko mbali zaidi. Tungependa pia kuzungumza na benki juu ya mikopo ya ujenzi, iwapo riba zitashuka kutoka hapo zilipo, maana kwa asilimia 18 hatuwezi kujenga. Ningefurahi pia vijana wetu watusaidie kuweka daftari la wanachama kwenye kompyuta.

Nawashukuru katibu na mhazini waliofanya kazi bila posho, na wote waliolipa kwa wakati. Mhazini, karibu usome hesabu.