Mawe yaliyoachwa na barafu

Igombe, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeketi kwenye mawe yaleyale uliyokuwa ukiyakwangua utelezi wa kijani kwa kijiti mpaka mama yako aje kukuita ukale. Unauliza: mwani ukiota pale barafu ilipoondoka, tufurahi au tulie?

Nimeyasoma yale ya Potter Cove, ile ghuba ndogo, uliyonitumia. Huko kisiwa cha King George, Antaktika, mto wa barafu uitwao Fourcade umekuwa ukirudi nyuma tangu miaka ya 1950, na nyuma yake unabaki mwamba mtupu chini ya maji. Mwaka 2013 María Liliana Quartino na wenzake wakaandika kwamba mwani umeshafika hapo. Karibu na barafu aina ni chache. Ukisogea mbali zinaongezeka.

Kilichonikaa moyoni ni tope. Barafu ikiyeyuka, maji yake yanasomba udongo, bahari inachafuka kama mto Simiyu wakati wa masika, na mwanga haufiki chini. Yaani barafu hiyohiyo iliyoufungulia mwani mlango ndiyo inayouzimia taa. Juu ya hayo, vipande vyake vinavyoelea vinakuja kuuparura mwamba. Na bado Palmaria decipiens, ule mwani mwekundu, unashika hapo, unaishi miezi ya giza kwa akiba yake ya wanga. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, mwanangu, na jambo hili limenifanya nifunge kitabu nikae kimya.

Mjomba wako alisema basi ni kama magugu maji yetu. Hapana. Magugu maji asili yake ni Amerika Kusini, yalisambazwa na watu, yanaelea, hayahitaji jiwe. Nimeona mitumbwi ikinasa ndani yake hapa hapa mwaloni. Mwani ule ni mwenyeji wa bahari ileile, unahamia tu palipofunguka.

Ila usimkubalie anayekwambia kwamba mwani unafidia barafu. Hata ziwa letu lilikauka, miaka kama 15,000 iliyopita, mvua zikarudi, likajaa, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakawa mamia ya aina. Walipewa maelfu ya miaka. Fourcade umerudi nyuma katika umri wangu mimi. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nalia, na bado nataka uende ukauhesabu mwani huo, jiwe kwa jiwe.

Dagaa wako nimempa kondakta wa basi la kesho, wamekauka vizuri, uwawahi stendi. Nawe unitafutie hili: mwani ule ukifa ukazama, kaboni iliyo ndani yake inakaa chini au inarudi hewani? Nimelala nalo siku mbili.

Baba yako