Mlifuta hata ile sehemu ya diski, D, mliyoniambia haiguswi

Mwembe Tayari,
Mombasa.

29 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana Meneja,

KUH: KUFUTWA KWA MAFAILI YANGU KINYUME CHA MAANDISHI, NA KOMPYUTA KURUDISHWA NA UGONJWA ULE ULE

Nimekaa siku kumi na saba kabla ya kuandika barua hii. Nilitaka hasira ipoe, na nilitaka niwe na hakika ya kila neno nitakaloliweka hapa. Sasa ninayo hakika.

Mimi ni mteja wenu tangu tarehe 17 Aprili mwaka huu, niliponunua kwenu kompyuta ya mezani, iliyotumika Uingereza, kwa shilingi 27,500 na dhamana ya miezi sita. Nina duka dogo la kuchapa na kupiga kopi hapa Mwembe Tayari. Wanaokuja kwangu ni mabaharia wanaotafuta meli na wanataka wasifu wao upangwe vizuri, ni akina mama wa kadi za harusi, ni vijana wa fomu za eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ni watu waliofiwa usiku wanaotaka tangazo kabla jua halijapanda. Kompyuta ile ndiyo jembe langu.

Jumatano tarehe 10 Septemba, baada ya Magharibi, nilipokuwa nafunga, iliniambia ina masasisho ya Windows. Sikushangaa, maana masasisho ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, na Jumanne ya pili ilikuwa jana yake tu. Nikabonyeza isasishe kisha ijizime, nikaenda zangu nyumbani. Alhamisi saa mbili asubuhi nikaikuta imeandika asilimia 30, na chini yake: usizime kompyuta. Kiduara kilikuwa kinazunguka, lakini taa ya diski haikumeta hata mara moja kwa muda wote niliokaa kuitazama.

Nikapiga simu kwenu. Kijana aliyepokea aliniuliza swali moja tu: "Imefika ngapi, mama?" Nikamwambia thelathini. Akaniambia, "Zima kwa nguvu, uwashe tena." Hakuniuliza nimengoja muda gani. Hakuniuliza nyuma ya kompyuta kumechomekwa nini, na palikuwa na printa mbili, skana, na flashi ya mteja niliyoisahau. Hakuniuliza diski ina nafasi kiasi gani. Sasisho likiwa bado linaandika, kulikatia umeme kunaweza kuharibu mafaili ya mfumo wenyewe, kwa hiyo maswali hayo hutangulia. Mimi nilitii kwa sababu ninyi ndio mafundi. Nikazima, nikawasha, ikarudi pale pale kwenye 30. Nikarudia. Mara ya tatu ukatokea ukurasa wa buluu wa matengenezo, unaokutaka uchague njia. Nikapiga tena, nikauliza kama hatuwezi kuiingiza katika hali salama, ile inayowasha Windows na vile vya lazima tu, kutoka ukurasa ule ule. Jibu lilikuwa, "Mama, hiyo ilete tuiformati," yaani kuifuta na kuweka Windows upya.

Nikaipakata sipiyuu mapajani ndani ya tuktuk hadi kwenu. Hapa naomba Bwana Meneja usome polepole. Mbele ya kaunta nilisema kwa mdomo, na kwenye fomu yenu ya kupokea vifaa nikaandika kwa mkono wangu: "Mafaili yasiguswe. Ikibidi kufuta chochote nipigiwe simu kwanza." Mpokeaji akatia sahihi. Kopi ninayo, na nimeiambatisha.

Ijumaa jioni nikaitwa nikaichukue. Nikatozwa shilingi 2,500, ingawa dhamana ilikuwa haijaisha. Nikaambiwa, "Iko sawa sasa, mama, ni mpya kabisa." Nilipofika dukani nikaiwasha, nikaelewa upya huo ulikuwa na maana gani. C, sehemu ya diski yenye Windows, ilikuwa mpya. D, sehemu ya mafaili yangu, ilikuwa tupu.

Najua mtaniambia ningeweka nakala. Kazi zangu za kabla ya Aprili ninazo kwenye flashi. Za baada ya hapo nilikuwa nazihifadhi kwenye D, na aliyenifundisha hivyo ni muuzaji wenu siku ile ya kununua. Aliniambia, "Mambo yakiharibika, C ndiyo hufutwa. D haiguswi." Na alisema kweli. Windows inaweza kuwekwa upya kwenye C pekee na D ikabaki kama ilivyo, ni suala la kuchagua sehemu moja ya diski badala ya kufuta zote. Hata kama C ilikuwa haina budi kufutwa, na haikuwa hivyo kama nitakavyoeleza, fundi angeweza kuichomoa diski akaitia kwenye kompyuta nyingine akatoa mafaili kwanza. Kazi zangu zote za miezi mitano hazikuzidi GB 9. Ni kazi ya kungoja maji ya chai yachemke.

Sasa nieleze kilichokuwamo.

Wasifu wa mabaharia nitauandika tena, wenyewe wana karatasi. Kadi za harusi nitazipanga upya. Daftari la madeni nitalikusanya kwa kuwauliza watu, na walio waaminifu watasema. Lakini kuna mzee mmoja wa Kibokoni ambaye tangu mwezi wa Mei alikuwa anakuja kwangu jioni mbili au tatu kwa wiki, na daftari la marehemu baba yake mkononi. Ndani yake mna utenzi, umeandikwa kwa hati za Kiarabu, wino umeanza kufifia na kurasa nyingine zimeliwa na wadudu. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nachapa kwa herufi za Kirumi. Tulikuwa tumefika ubeti wa 412.

Kazi hiyo haiendi kama kunakili barua. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, na mzee alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya meza. Mara nyingine nilichapa "macho" kama nilivyofundishwa shuleni, akanisimamisha: baba yake alisema "mato", Kimvita, na ukitia "macho" kina kinavunjika, maana vipande vitatu vya kwanza vya ubeti ule vinaishia na "to". Palipokuwa na neno lililofutika, tulikaa hata nusu saa tukilitafuta kwa mizani na kwa kina mpaka likapatikana. Maneno hayo hayamo tena katika lile daftari. Yalikuwa kwenye kumbukumbu ya mzee na kwenye D. Kila nilipomaliza ukurasa niliandika pembeni maelezo aliyonipa: huyu aliyetajwa ni nani, mtaa huu sasa unaitwaje. Hayo nayo yamekwenda.

Nilipomweleza hakunilaumu. Aliuliza tu kama macho yake yatafika tena mwisho wa daftari, kwa sababu tangu tuanze yamezidi kupungua nuru. Sikuwa na la kumjibu, Bwana Meneja, na ndipo nilipoamua kwamba barua hii lazima iandikwe.

Jumamosi tarehe 13 niliipeleka diski kwa mtu anayerejesha data. Akanieleza kwamba ingekuwa diski ya zamani ile inayozunguka, pengine angepata kitu. Hii ni SSD, diski ya kielektroniki isiyozunguka, na SSD ikishafutwa, mfumo huiarifu kuwa nafasi ile haitumiki tena, nayo husafisha yenyewe seli zake. Alijaribu siku nzima. Hakupata hata ukurasa mmoja. Fundi wenu analijua hilo, au anapaswa kulijua kabla ya kugusa diski ya mtu.

Sehemu ya pili ya malalamiko yangu ni kwamba ugonjwa hamkuutibu. Jumanne tarehe 23 Septemba, sasisho lile lile lilikwama tena. Asilimia 30, kama mara ya kwanza. Safari hii sikuwapigia. Nilimwita mtoto wa jirani yangu, anasoma Chuo Kikuu cha Kiufundi hapa Tudor, tukakaa naye.

Kwanza tulichomoa kila kitu, tukaacha kibodi na mausi. Tukangoja saa mbili tukitazama taa ya diski. Tulipoona kweli hakuna linaloendelea, ndipo tukaizima kwa nguvu, na baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa ikaleta ule ukurasa wa buluu. Tukapita kwenye utatuzi, kisha mipangilio ya kuwashia, tukabonyeza namba 4 ambayo ndiyo hali salama. Ikasema inatengua mabadiliko. Baada ya dakika kama ishirini ikafunguka, na kila nilichokuwa nimekichapa wiki ile kilikuwapo mahali pake. Nililia pale pale mbele ya mtoto wa watu, kwa sababu hapo ndipo nilipojua kwamba beti 412 zingeweza kuokolewa kwa njia hii hii niliyowauliza kwenye simu.

Tukaendelea. Tukasimamisha huduma ya masasisho, ile iitwayo wuauserv, pamoja na bits inayopakua, tukamwaga vilivyomo katika folda ya Download iliyo ndani ya SoftwareDistribution. Humo Windows huweka masasisho iliyoyapakua; yakiharibika hubaki kuyarudia yale yale, na ukiyaondoa hupakua mapya. Tukawasha kawaida, tukapitisha DISM na sfc, zana za Windows zenyewe, kukagua mafaili ya mfumo, hayakuwa na ubovu. Ndipo kijana akafungua usimamizi wa diski, akanionyesha kitu ambacho fundi wenu alikipita mara mbili: diski ina GB 256, lakini C imekatiwa GB 32 tu, na zilizobaki humo hazikufika mbili. Zaidi ya GB 200 zote ziko D. Sasisho kubwa linahitaji mahali pa kujifungulia, liweke mafaili mapya huku likishika ya zamani lisije likashindwa. Halikuwa na mahali.

Tukaifuta D, tukaipanua C. Iliwezekana kirahisi kwa sababu D ilikuwa bado tupu. Sasisho likapita kwa dakika 38, na halijasumbua tena.

Ugawaji huo wa diski ni wenu. Ndivyo ilivyokuja nilipoinunua, na ndivyo mlivyoirudisha baada ya kuiformati. GB 32 ndicho kiwango cha chini kabisa Windows 10 inachokubali, na Windows 11 inataka 64. Ina maana wapo wateja wengine hapa mjini waliouziwa kompyuta zenye mgawanyo huo huo, nao watakwama kama mimi, na mkiwajibu kama mlivyonijibu watapoteza kama mimi. Mnajua pia kwamba tarehe 14 Oktoba Microsoft inafunga msaada wa kawaida wa Windows 10, watu wengi watakuwa wanahangaika na masasisho kwa wakati mmoja. Muuzaji wenu aliniambia yangu itapanda Windows 11 bila shida. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita cha Intel, na Windows 11 inakubali kuanzia cha nane. Hilo silidai leo, lakini naomba msiwaambie wengine.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 2,500 nilizolipa kwa kazi iliyofanywa kinyume cha maandishi. Mnilipe shilingi 5,400 za siku tatu ambazo duka halikufanya kazi, kwa wastani wa 1,800 kwa siku kama daftari langu la mauzo linavyoonyesha, na shilingi 6,000 ambazo mzee alinilipa na ambazo nimemrudishia kwa mkono wangu, kwa kuwa utenzi nitamchapia upya bila malipo. Jumla ni shilingi 13,900. Nafsi yangu inajua kwamba hiyo si bei ya kilichopotea, na sitatia bei nisiyoweza kuithibitisha.

Pia nataka jibu la maandishi, lenye sahihi yako, kwa swali moja: je, kabla ya kufuta kuna mtu aliyenakili diski yangu, na kama ipo nakala iko wapi? Nauliza kwa sababu mbili. Kama ipo, kwa heshima zote naomba mnipe, na mengi ya haya tutayamaliza kwa mazungumzo. Na kama ipo bila mimi kujua, humo mlikuwa na vitambulisho na pasipoti za wateja wangu zilizopigwa skani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu ninyi kama inavyonihusu mimi.

Na wateja wote mliowauzia kompyuta zenye C ya GB 32, waiteni muwapanulie bure, kabla hawajakwama.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imeweka njia za kuidai. Nawapa siku kumi na nne, yaani hadi Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025. Siku hiyo ikipita bila jibu nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na swali la nakala nitalipeleka kwa Kamishna wa Data.

Nimeambatisha kopi ya risiti ya ununuzi, ujumbe wa M-Pesa wa zile 2,500, fomu yenu yenye maandishi yangu na sahihi ya mpokeaji, na picha ya skrini inayoonyesha C na D kabla hatujazirekebisha. Nipo dukani kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Jioni za Jumatatu na Alhamisi msinipigie baada ya Alasiri, maana huo ndio wakati mzee anakuja, na tumeanza tena kutoka ubeti wa kwanza.

Wenu,

Mwenye duka la kuchapa na kopi,
Mwembe Tayari, Mombasa.