Mama mkwe hataki mjukuu wake wa kiume aoshe vyombo, na ratiba yangu ya usafi inavunjika, nifanyeje?

Anti shikamoo, na wasomaji wengine habari zenu. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini maeneo ya Makorora, ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia hapahapa sebuleni, mume wangu ni kibarua bandarini. Sina ugomvi na mume wala na mama mkwe, nawapenda wote na naomba hilo lieleweke toka mwanzo maana najua barua za mama mkwe watu wakiziona tu wanaanza kusema mfukuze, mwambie aende kwa mtoto mwingine. Sitaki ushauri wa namna hiyo.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, jiko na choo viko uani. Ukiweka na cherehani, meza ya kukatia na watoto watatu, yaani usipokuwa na utaratibu ndani hapakaliki. Vipande vya vitambaa, nyuzi, pini, mchanga wa uani unaoingia na miguu ya watoto, wateja nao wanaingia wanatoka. Zamani nlikuwa nasubiri wikiendi ndo nifanye usafi mkubwa kama nlivoona wengi wanafanya, ikifika jioni ya siku hiyo mgongo hausikii, halafu siku ya pili tu pameshavurugika. Nikabadilisha, nikaweka usafi mdogo mdogo wa kila siku na kila mtu ana cha kwake. Asubuhi ukiamka unatandika kitanda chako na chandarua unakifunga juu, ukinywa chai kikombe chako unakisuuza mwenyewe. Usiku tukimaliza kula ni dakika 10 tu nyumba nzima inanyanyuka, mume anakusanya viatu na kutoa taka nje, binti yangu wa miaka 9 anafuta meza na kukunja nguo zilizotoka kwenye kamba, mdogo wao anapita na sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu anaokota pini na sindano chini ya cherehani (hii kazi anaipenda kuliko zote, na mimi ndo inayonipa usingizi maana tunatembea peku humu ndani), na kijana wangu mkubwa wa miaka 12 anaosha vyombo vya usiku. Halafu kila siku naongeza kona moja tu, leo choo, kesho friji, keshokutwa madirisha maana huku chumvi ya bahari inakula nondo usipofuta.

Anti ilikuwa inaenda vizuri sana. Watoto walizoea mpaka hawakumbushwi.

Sasa mama mkwe alikuwa anaishi Pangani, mguu ukaanza kumsumbua tukamleta huku awe karibu na hospitali, na mi ndo nlisema aje, sio kwamba nlilazimishwa. Mama ni mtu wa usafi kwelikweli, asije mtu akafikiri vingine. Ye kakulia kwenye usafi wa Ijumaa, Alhamisi jioni nyumba inageuzwa, mikeka na magodoro nje yapigwe jua, masufuria yasuguliwe kwa majivu na makumbi mpaka yang'ae, kanzu zinyooshwe, udi ufukizwe, Ijumaa mtu anaamka nyumba inanukia. Mi hiyo Ijumaa yake naipenda na nimeichukua. Ila kwake siku nyingine ni kufagia asubuhi basi, hizo dakika 10 za usiku anaona nawahangaisha watoto bila sababu.

Akaanza na fagio. Kwa mama kufagia usiku ni kufukuza riziki, na sikutaka kubishana nae, nikasema sawa mama fagio likae hadi alfajiri, usiku tunakusanya na kufuta tu. Wengine mtasema si mfanye kabla ya magharibi, haiwezekani, watoto wanatoka madrasa muda huo na wateja wangu ndo wanakuja kuchukua nguo. Hilo likapita, tukaelewana.

Shida ni vyombo. Mama alipomuona kijana amechutama uani anaosha sufuria ya wali aliita jina lake kwa sauti mpaka majirani wakasikia, akasema mjukuu wake wa kiume hasugui masufuria wakati ndani kuna wanawake. Toka siku hiyo akimuona anaenda kwenye karo anamuita akamsomee kitu au amkande mguu. Mtoto nae ni mtoto, bibi akimwambia kaa atakaa, na sitaki kumfundisha kumbishia bibi yake. Nikisema basi nioshe mwenyewe, ntakuwa nipo kwenye cherehani namalizia sare za watu, nikiinuka namkuta mama mwenyewe na mguu wake mbovu kashakaa kwenye kigoda anaosha. Hapo mi najisikia vibaya mno. Wifi yangu aliyeko Dar alipiga simu mama akamwambia alikuwa anaosha vyombo, wifi akaniambia kwamba mama yao nimemgeuza dada wa kazi. Lile neno liliniuma sana na mpaka leo halijanitoka.

Na vyombo vya usiku sio kitu cha kuacha mpaka asubuhi, sio ubishi wangu tu. Mende wanatoka usiku, ukiwaachia masahani yana mchuzi na sufuria yenye ukoko umewatandikia meza, na sisimizi wa huku tone la chai lenye sukari linawatosha. Tulikuwa tumewamaliza kabisa bila kupuliza dawa, kwa kutowaachia chakula tu, saivi wamerudi. Pia usafi wa kidogo kidogo unafanya usihitaji madawa makali, maana uchafu ukikaa wiki nzima ndo mtu anamwaga jiki na juu yake anaongeza dawa ya choo ya asidi ili itoke haraka, na hivo viwili vikikutana vinatoa hewa inayobana kifua, kwenye kijichoo kisicho na dirisha ni hatari kweli, jamani msichanganye. Na pipa la maji nalo, sisi kila wiki tunalimwaga na kulisugua kwa ndani, sio kusuuza tu, kwasababu yule mbu wa denge anabandika mayai kwenye ukuta wa pipa pale maji yanapoishia, ukimwaga bila kusugua mayai yanabaki. Mnakumbuka 2019 denge ilivyotupiga huku Tanga na Dar. Kazi ya pipa ilikuwa ya kijana pia, nayo imesimama kwa sababu hiyohiyo, ati maji ni kazi ya dada yake.

Sasa hapo kwa dada yake ndo moyo wangu ulipo Anti. Kazi zote alizoacha kaka mtu zimehamia kwa yule binti wa miaka 9. Hakuna aliyetangaza, zimehama tu. Anafuta meza, anakunja nguo, anaosha vyombo, kaka yake yupo mkekani na bibi wanapiga stori. Juzi ameniuliza mama kwani kaka siku hizi haoshi kwa nini, nikakosa jibu la kumpa ambalo halimvunjii heshima bibi yake. Wote wawili wanasoma, wote wana homuwek, wote wanakula kwenye sahani. Sikuweka ule utaratibu ili mmoja awatumikie wengine, niliuweka ili kila mtu abebe kidogo na asichoke mtu. Ukiwa wa mtu mmoja sio dakika 10 tena, ni saa nzima.

Nimeongea na mume, ye anasema mwache mama ni mtu mzima, tutafute binti wa kazi. Hapo sikubaliani nae kabisa. Kwanza atalala wapi, vyumba viwili hivi. Halafu pesa yenyewe bora iende kwenye ada. Na hata ingekuwepo, ni kumtoa mtoto wa mwenzangu Lushoto au Handeni aje aoshe sahani ambayo kijana wangu ana mikono miwili ya kuiosha, kwa nini? Nimemwambia mume wewe mbona viatu unakusanya na taka unatoa, mama hajasema kitu, akacheka akasema mi nishakuwa mkubwa hawezi kunikataza.

Nimefikiria mambo mawili. Moja ni kumpa mama usimamizi, yaani zile dakika 10 awe ndo mwenye kuzianzisha na kuzifunga, akae kwenye kiti chake awaelekeze watoto, awafundishe kusugua kwa majivu na makumbi maana hapo mi simfikii hata nusu, labda akiwa mwalimu ataona vyombo ni elimu anayowapa wajukuu wote na sio kazi ya mwanamke. Ila naogopa atamfundisha binti peke yake. La pili ni kumtumia somo yangu alonifunda, ni mtu mzima na mama anamheshimu, wanajuana toka zamani, anaweza kumwambia maneno ambayo mi mkwe nikiyasema yatakuwa utovu wa adabu. Lakini tena mume anaweza kuona nimetoa mambo ya ndani nje kabla sijamaliza nae.

Wifi anakuja wiki mbili zijazo kumuangalia mama na atakaa kidogo, nataka akifika hili liwe limeshazungumzwa, asikute mama kwenye kigoda cha vyombo. Naomba mnisaidie hasa nyie mnaoishi na wakwe, nimbane mume kwanza aongee na mama yake, nimtume somo, au nikae na mama mwenyewe nimwambie kwa upole? Na huyu kijana kwa hizi siku za kati nimwambieje, maana nataka aoshe na sitaki amuasi bibi yake.

Mama watatu, Makorora, Tanga