Pimeni waya ulioko dukani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Dar es Salaam.

YAH: KUPIMA NYAYA ZA UMEME ZINAZOUZWA MADUKANI NA KUTANGAZA MATOKEO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam. Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro. Huu ni mwaka wa kumi na saba nafanya wayaringi, kuanzia vyumba viwili vya wapangaji hadi maghala ya mahindi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ombi langu linamgusa kila mwenye mita ya LUKU ukutani, si mimi peke yangu.

Nianze na nyumba moja. Mwaka jana mama mmoja alinipigia simu usiku akaniambia, "Fundi, soketi inanuka." Mama huyu anauza juisi na barafu. Friza lake liko chumba cha mbele, na watoto wake wawili wanalala humo humo kwa sababu ndicho chumba chenye feni. Nilifika, nikazima mein swichi, nikafungua soketi. Plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi ya ukoko wa wali. Kwenye skrubu ya laini, ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kurudi nyuma kiasi cha inchi moja, na chuma chenyewe kimekuwa cheusi. Skrubu ilikuwa imelegea. Lakini niliikaza mimi mwenyewe, miezi minane kabla, na najua ninavyokaza.

Nilikata kipande cha ule waya nikakikwangua kwa kisu. Wekundu wa shaba ukatoka kama rangi ya kucha, na chini yake kukaonekana weupe wa sufuria. Ilikuwa alumini iliyovikwa shaba nyembamba juu. Nilikuwa nimeulipia kama waya wa shaba wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, na nikamtoza yule mama hivyo hivyo.

Katika ununuzi ule nilikuwa nimebakiza rola moja ambayo haijafunguliwa. Asubuhi niliipeleka kwa muuza mchele jirani yangu, tukaiweka kwenye mizani. Ilikuwa na kilo moja na robo tatu, pamoja na ganda lake. Sasa piga hesabu. Waya wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 100, una sentimita 250 za ujazo wa chuma. Shaba ina karibu gramu 9 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hiyo shaba peke yake ingepita kilo 2, kabla hujaivika plastiki. Mizani ya mchele iliona kilichonishinda mimi kwa macho yangu.

Sikuishia hapo. Rafiki yangu anafundisha chuo cha ufundi na ana kifaa cha kupimia ukinzani mdogo, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, unaohesabiwa kwa omu, kwa sababu mita zetu za mkononi hazisemi kweli chini ya omu moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinasema waya wa shaba wa 2.5 usizidi omu 7.41 kwa kilomita katika nyuzi 20 za Selsiasi, yaani 0.741 kwa rola ya mita 100. Yetu ilisoma 1.5. Maana yake, kwa umeme ule ule unaopita, waya huu unazalisha joto mara mbili.

Hata hivyo waya katikati ya ukuta si ndio unaonitisha zaidi. Kinachonitisha ni pale kwenye skrubu. Alumini ikikutana na hewa hujifunika ngozi ngumu isiyopitisha umeme vizuri. Tena hutanuka kwa joto kuliko shaba. Jagi la umeme likichemka, waya unavimba na kujibana kwenye skrubu. Likizimwa, unasinyaa na kuacha mwanya. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Baada ya miezi michache muungano umelegea wenyewe bila mtu kuugusa, na mahali palipolegea ndipo moto unapoanzia. Sakiti breka haiwezi kumwokoa mtu hapo. Jagi la wati 2000 linavuta ampea 9 tu, na breka ya ampea 20 haioni kosa lolote. Breka inahesabu ampea, haijui kwamba nyuma ya soketi plastiki inaiva.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, karatasi iliyofunika rola ile ilikuwa na alama ya ubora, na ilikuwa na herufi CE. Sitataja jina la waya wala la duka, kwa sababu siwezi kuthibitisha kosa lilitokea mkono upi. Na hicho ndicho kiini cha barua yangu. Nikiwa nimesimama dukani na pesa ya mteja mfukoni, nina mambo mawili ambayo sina njia ya kuyatofautisha. Pengine alama ni ya kughushi, imechapwa uchochoroni na mtu ambaye hajawahi kukanyaga maabara. Au alama ni halali kabisa: mtengenezaji alipeleka sampuli nzuri, ikapimwa kwa haki, ikafaulu, akapewa leseni, kisha akarudi kiwandani kupunguza shaba. Ugonjwa wa kwanza unatibiwa na wakaguzi na polisi. Huu wa pili unatibiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kwenda kununua waya dukani kama anavyonunua mteja, bila kujitambulisha, na kuupima.

Kuhusu hizo herufi CE niseme kidogo, maana mafundi wengi wanaziheshimu kuliko zinavyostahili. Kwa bidhaa nyingi za umeme, CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya soko la Ulaya. Si lazima awepo mtu wa tatu aliyepima. Nilikuwa nikiwaambia wateja "hii imepimwa Ulaya." Nimeacha.

Ugonjwa wa pili si wa kwetu tu. Ufaransa kulikuwa na kiwanda kiitwacho PIP, kikitengeneza vifuko vya silikoni vya kupandikizwa kwenye matiti. Vilikuwa na cheti halali, kilichotolewa na kampuni ya ukaguzi yenye jina kubwa kutoka Ujerumani. Wakaguzi walikuwa wakija baada ya kutoa taarifa, wanasoma makaratasi, wanaondoka. Ndani ya vifuko kulikuwa na silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kuwekwa mwilini. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 2010, pale wakaguzi wa serikali ya Ufaransa walipoingia kiwandani wenyewe na kukuta mapipa. Mwanzilishi wake alihukumiwa miaka minne jela mwaka 2013, lakini wakati huo wanawake wapatao 300,000 duniani walikuwa wameshawekewa. Cheti kilikuwa cha kweli. Kilichokuwa ndani ya mfuko ndicho kilichokuwa cha uongo, na hakuna aliyekifungua.

Upande wa pili kuna habari ya Chicago, ambayo mwalimu wetu chuoni alitusimulia na sijaisahau. Mwaka 1893 mji ule uliandaa maonyesho makubwa ya dunia, taa za umeme zikiwa kila mahali, wakati umeme bado ni kitu kigeni na nyaya zinafungwa ovyo. Kampuni za bima ya moto ziliogopa. Kijana mmoja, William Henry Merrill, aliyekuwa mkaguzi wa umeme, alitumwa kwenda kutazama. Mwaka uliofuata, 1894, alianzisha maabara ndogo ya kupima vifaa, ambayo leo inajulikana kama UL. Waliomwezesha ni watu wa bima. Wao ndio waliokuwa wakilipa jengo likiungua, kwa hiyo walitaka kipimo kinachosema kweli, kimpendeze mwenye kiwanda au kisimpendeze. Na baadaye walipoanza kutoa lebo, hawakuridhika na sampuli ya mara moja; wakaguzi wao huingia viwandani bila kupiga hodi mapema.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kule, aliyepata hasara ya moto alikuwa na fedha, na alikuwa na sababu ya kujenga maabara. Hapa kwetu nyumba ikiungua anayelipa ni yule mama mwenye friza. Hana bima. Hawezi kuanzisha maabara. Hata kujua kama waya wake ni shaba hawezi, kwa sababu umeshapita kwenye bomba, ukuta umepigwa plasta, na rangi imepakwa juu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini waya haufuati methali hiyo, maana kizuri na kibaya vyote vimevaa ganda moja jekundu na hakuna anayeona ndani. Ni shirika lako tu lililowekwa na sheria lisimame mahali walipokuwa wamesimama watu wa bima wa Chicago.

Najua mna kazi nyingi. Tangu 2019, mlipokabidhiwa pia chakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, zimeongezeka. Najua kuna utaratibu wa PVoC tangu 2012, yaani mizigo inakaguliwa huko inakotoka kabla ya kupakiwa melini, na najua wakaguzi wenu huingia sokoni. Ninachoomba ni hatua moja zaidi ya hapo.

Ununuliwe waya madukani kila robo mwaka, Kariakoo na mikoani, mkubwa na mdogo, wa ndani na wa nje, na anayenunua asijulikane. Ukatwe, upimwe uzito, ukinzani, unene wa ganda. Kisha matokeo yatangazwe kwa jina la waya, ukubwa wake na namba ya toleo, yaliyofaulu na yaliyofeli. Fundi akisikia redioni kwamba bidhaa hafifu zimeteketezwa, anafurahi, halafu anauliza: za jina gani? Mimi nahitaji kujua kama ile rola iliyoko stoo kwangu imo. Bila jina, habari ile hainisaidii kazini kesho asubuhi.

Gharama ya kipimo hiki isitoke kwa mwenye waya unaopimwa. Anayepeleka sampuli kuomba leseni alipe, sawa, hiyo ni shughuli yake. Lakini kipimo cha dukani kitoke kwenye mfuko wa pamoja, ili mpimaji asiwe na mteja wa kumpoteza. Kiwango cha maabara cha ISO/IEC 17025 chenyewe kinadai maabara isiyumbishwe na mtu yeyote, na njia rahisi ya kutoyumbishwa ni kutolipwa na unayempima.

Na mtupe mafundi mahali pa kuleta kipande. Katika ofisi zenu za kanda iwekwe meza moja yenye mizani, kifaa cha kupimia omu na kisu. Nina leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nina jina la kulinda. Nikinunua rola kumi kwa ajili ya shule, niko tayari kulipa ada kidogo na kusubiri nusu saa nijue ninachokwenda kuzika ukutani. Mtapata na faida yenu, maana kila kipande kinachofeli mezani ni taarifa ya duka la kwenda kesho yake.

Wapo watakaosema kutaja majina ni kuharibu biashara za watu. Nimefanya kazi na nyaya za viwanda vya hapa nchini ambazo ukiziweka mizani zinatoa uzito wake kamili, na ukikwangua hadi katikati ni shaba tupu. Rola zao ni ghali zaidi, na nimeona wateja wakizirudisha kwenye rafu kwa sababu jirani yake, yenye alama zile zile, ni nusu ya bei. Biashara inayoharibika ni hiyo.

Rola yangu bado ninayo, haijafunguliwa, pamoja na risiti na kile kipande kilichoungua. Mtu wenu akija au akiniita nitavileta, na jina la duka nitamtajia yeye, ana kwa ana. Kuna jambo jingine ambalo ningependa mnishauri. Waya wa ununuzi ule niliufunga nyumba nne. Kwa yule mama nimeung'oa wote na kufunga mwingine kwa gharama yangu, na nyumba ya pili nimemaliza mwezi uliopita. Nyumba ya tatu mwenyewe yuko safarini na funguo hazipo. Ya nne ina wapangaji sita, mwenye nyumba anasema mbona taa zinawaka, na hataki kuta zake ziguswe. Nimewaandikia wale wapangaji kwa kalamu kubwa kwenye mlango wa mein swichi wasichomeke pasi na jagi kwa pamoja. Sijui nifanye nini zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme,
Morogoro.